Wali wa Getini

"Toa mguu hapo, dada Agnès. Chakula hicho si chako."

"Ni cha nani? Sema watu wasikie. Geti ni la wapangaji wote, wewe unaamka unatutegea wali na maua, halafu si changu?"

Mimi nilishazima jiko na kutoa kiti nje. Katika ua wetu hapa Malvern, kusini kabisa mwa Afrika, ugomvi wa Jumamosi haukosi watazamaji.

Mwenye wali, Bembem, ni Mmeitei, kwao Manipur, kule India ya mashariki kabisa. Anapaka watu kucha katika saluni ileile ambako mimi na Agnès tunasuka, na Kiswahili alikiokota hukohuko, matusi yakiwemo. Siku hiyo ilikuwa Cheiraoba, mwaka mpya wao. Kwao maua yanachanua. Huku kwetu Jules Street majani yanapukutika. Unapika, unawatengea miungu sehemu yao langoni, unawapelekea majirani mabakuli, kisha mnapanda kilima. Na siku hiyo ikiharibika, mwaka mzima utaifuata. Yote haya Bembem alituambia saluni. Agnès aliitikia "sawa, sawa", macho yake kwenye kichwa cha mteja.

Sasa Agnès, mtu wa kufunga na kuomba, aliona uchawi mtupu. Akapiga teke. Wali ukamrukia Bembem usoni. Bembem akamkamata zile rasta ndefu, akamwangusha, akambamiza kichwa kwenye saruji. Agnès akamng'ata mkono mpaka damu ikachuruzika. Nani awaachanishe? Mimi? Thubutu.

Hénock, mdogo wake Agnès, ndiyo kwanza anarudi kutoka zamu yake ya ulinzi, rungu kiunoni.

"Mnamuua dada yangu?"

Ibomcha, mume wa Bembem, alikuwa ametoka mbio na upawa wa mchuzi. Akamchapa nao juu ya jicho, ngozi ikapasuka. Hénock hata hakuyumba. Rungu la kwanza lilimng'oa Ibomcha meno. La pili lilitua mkononi, mfupa ukalia kama ukuni mkavu. Eish. Mwanaume akapiga magoti juu ya wali wake mwenyewe.

Rungu likapanda tena, sasa linatafuta kichwa. Bembem akamwacha Agnès, akalidaka kwa mikono yote miwili, akaning'inia.

"Kesho rudi umuue," alisema akihema. "Leo hapana. Siku ikiishia hapa, mwaka wetu wote ni rungu. Ingieni ndani, mle chakula."

Hénock alimtazama kama anayemtazama kichaa, damu inamwingia jichoni, lakini rungu likashuka.

"Atatulisha sumu," Agnès alisema akiwa bado chini.

"Bakuli lako lilipakuliwa kabla ya yote, dada. Liko pale dirishani. Samaki, bila pilipili. Si una vidonda vya tumbo?"

Agnès aligeuza shingo. Bakuli lilikuwepo kweli, limefunikwa kwa kitambaa safi. Kisha akainuka, akafungua kitenge chake cha juu, akaufunga mkono wa Ibomcha, taratibu, kama anayesuka mtoto.

"Huyu anahitaji hospitali," alisema, bila kumtazama Bembem.

"Atakwenda. Tonge moja kwanza." Bembem alijifuta damu kwenye sketi, akausukuma mlango wake mpaka mwisho. "Karibu, dada. Na mdogo wako aingie, ila rungu libaki nje."