Nilivyomsifu Sylus Mbele ya Kaburi

Mdomo wangu ndio ulionifilisi, wala simlaumu marehemu. Siku tulipomzika Sylus kwao Wusi, kwenye milima ya Taita, mchungaji aliuliza, kama ilivyo desturi, kama kuna yeyote anayemdai. Mimi nilikuwa namdai elfu themanini, pesa zangu nilizopokea kwenye chama, nilizompa mkononi anunue pampu ya kumwagilia mboga. Tulifanya kazi shamba moja la mkonge miaka tisa. Karatasi ya nini?

Lakini kudai mbele ya jeneza, mimi Mluhya niliyepanda kutoka Voi, niliona haya. Tena nilikuwa bado nimeshika kipaza sauti, nimetoka kuzungumza kwa niaba ya wafanyakazi wenzake. Hakuna aliyejitokeza kudai, nikajitia wema: "Sylus alikuwa mwaminifu. Hakuacha deni la mtu." Watu wakapiga makofi.

Miezi mitatu baadaye, binti yangu Yvonne akaitwa chuo cha uuguzi. Karo ya kwanza elfu sabini, na siku zilizobaki zilikuwa kumi na mbili. Nikapanda Wusi.

Margaret, mjane wa Sylus na mama wa Wendy, alinipa chai. Nikaweka kikombe chini, nikataja deni.

"Najua ulimkopesha, Mama Yvonne. Aliniambia mwenyewe."

Nilishusha pumzi. Mapema mno.

"Lakini watu watano walikuja hapa baada ya mazishi. Ronald wa mbolea alikuja na kitabu chake. Niliwarudisha wote. Niliwaambia rafiki yake wa kazi amesema kaburini hakuna deni. Sasa nikikulipa wewe peke yako, hawa majirani nitawaangalia na macho gani?"

"Uza pampu, Mama Wendy. Nani atajua?"

"Hapa mlimani? Hiyo chai unakunywa, washajua."

"Sasa nifanye nini?"

"Kuja kanisani Jumapili. Useme ulidanganya. Tutauza pampu na ng'ombe, kila mtu apate kidogo."

Niliteremka kwa hasira, nikipiga hesabu. Pampu na ng'ombe havifiki laki moja, na shamba ni la ukoo, haliuzwi. Kila nikigawa, fungu langu linapungua. Nyumbani nikamkuta Yvonne akijaribu viatu vyeupe vya kazi, nikajifanya kichwa kinauma. Siku mbili nilimkwepa ndani ya chumba kimoja. Niliogopa aniulize.

Jumapili nilisimama mbele ya waumini kule Wusi.

"Nilidanganya kwenye mazishi," nikasema. "Sylus alikufa na pesa zangu, elfu themanini. Niliogopa kuonekana mbaya."

Hakuna aliyenizomea. Ronald alisimama, akataja kiasi chake. Fundi wa bomba akafuata, kisha wengine watatu. Nilikuwa nikigawa kichwani, nikiomba madai yaishie hapo.

Kwenye benchi la mbele, ajuza mmoja akajiinua kwa fimbo. Alikuwa mama mzazi wa Sylus.

"Mimi nilimpa pesa ya mbuzi wangu wanne," akasema. "Siku ile uliposema mwanangu hana deni, nilinyamaza. Nilidhani kumdai ni kumtukana."

Nikakaa. Margaret alishaanza kuandika majina nyuma ya bahasha ya sadaka, na jina la yule bibi akaliweka juu ya langu. Sikuwa na mdomo wa kukataa.