Asilimia Tisa

Eveline hakuwa mtu wa kubembeleza. Pale Ilomba, Mbeya, kwenye kampuni ndogo inayotengeneza mashine za kuandikishia wagonjwa, kazi yake ilikuwa kupima kiini, ile programu ya chini kabisa inayozigawia kazi programu nyingine zote. Mtu akigusa mstari mmoja tu wa kiini, kompyuta sita zinaanza kukipima zenyewe, saa baada ya saa, kisha zinalinganisha kasi yake na kipimo kilichowekwa mwezi wa tano. Kikichelewa zaidi ya asilimia tatu, mabadiliko yanakataliwa. Hakuna mkono wa mtu humo, na Eveline alijivunia hilo kuliko alivyojivunia nywele zake, na nywele anazo.

Kompyuta zenyewe hazikuwa Mbeya. Umeme wa Ilomba una mambo yake, basi zikapangishiwa chumba Iringa, mtaa wa Mlandege, nyumbani kwa Mzee Halfani, muuza vitenge mwenye sola na betri za kutosha. Eveline alizipeleka mwenyewe mwezi huo wa tano, akazipanga kwenye shelfu, akarudi zake. Tangu hapo alikuwa akizisoma kwenye skrini tu.

Jumatatu moja ya mwezi wa sita Anord akaleta mabadiliko yake. Anord alikuwa katika wiki ya mwisho ya matazamio. Ijumaa saa kumi ama anaajiriwa, ama anaaga. Ilikuwa kazi yake ya kwanza baada ya miaka miwili ya kuzunguka na bahasha ya vyeti. Kompyuta zikasema kiini chake kimechelewa kwa asilimia tisa. Zikarudia mara tatu: tisa, tisa, tisa.

Alipoitwa hakubisha. Alisema tu kwamba ataangalia tena, akarudi mezani kwake. Unyonge ule ulimkera Eveline, maana yeye aliamini mtu asiye na kosa hupiga kelele. Alikuwa tayari kutia saini Anord aondolewe siku hiyohiyo, lakini Rabson, bosi wao, akakataa. Alisema hamwondoi mtu kazini kwa karatasi iliyotoka kwenye mashine ambazo hakuna aliyezitia machoni mwezi mzima. Eveline aende Iringa kwanza, akazione.

Aliudhika, tena sana. Ijumaa alfajiri akapanda basi amenuna, na kabla ya adhuhuri akawa sebuleni kwa Mzee Halfani. Mke wa mzee, Bi Mwantumu, alimkaribisha kwa chai ya tangawizi na vitumbua, akamsimulia kwa kirefu jinsi washenga walivyokuja Jumapili kumposa binti yao Naima, na jinsi walivyokula wakasaza. Eveline aliitikia kwa adabu huku jicho moja likiwa kwenye saa. Kisha akaomba kuziona kompyuta zake.

Loo! Zilikuwa zimevikwa. Kila moja ilikuwa na kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua pembeni, kizito kama blanketi la mtoto, kimeshuka hadi nyuma kwenye matundu ya kupitishia hewa na kuchomekwa chini kisiteleze.

"Chumba hiki hakina mlango, mwanangu, ni pazia tu," Bi Mwantumu alisema. "Ningewaachaje washenga waone madude meusi yamekaa uchi?"

Eveline akaweka mkono juu ya moja. Ilikuwa ya moto kama sufuria iliyoepuliwa sasa hivi. Kompyuta ikipata joto hujipunguza kasi yenyewe isiungue, jambo linalojulikana na kila mtu wa kazi hiyo, na mtambo wake wa vipimo ulikuwa na kipengele cha kukagua joto. Alikifuta yeye mwenyewe. Alikifuta kwa sababu ni Iringa! Nani aliwahi kuona kitu kikapata joto Iringa, watu wanakovaa makoti saa sita mchana? Siku ile alicheka peke yake alipokuwa akikifuta.

Akavivua vitambaa kimoja kimoja, akavikunja vizuri kwa kuwa Bi Mwantumu alikuwa anamtazama, akaanza vipimo upya. Vilichukua saa tatu. Saa tisa na nusu majibu yakatoka: kiini cha Anord hakikuchelewa hata kidogo. Kilikuwa na kasi zaidi kuliko cha zamani kwa asilimia mbili.

Eveline aliona aibu, na ndani ya aibu hiyo akafurahi. Akamwandikia Rabson kwamba kosa ni lake yeye, Anord amefaulu. Halafu akafungua barua pepe amwandikie Anord mwenyewe, akakuta barua yake ya saa tatu asubuhi. Alikuwa ameacha kazi. Hakulalamika popote. Aliambatisha kurasa mbili za kueleza kosa lake: mistari gani, inavyozifanya programu zisubiriane, kwa nini hasara inafika tisa wala si nne. Alichora hata mchoro.

Eveline akazisoma mara mbili. Mara ya pili, majibu ya vipimo yakiwa wazi pembeni ya skrini, alijikuta anatikisa kichwa kukubali.

Akampigia simu. Alimweleza yote, vitambaa, joto, kipengele alichokifuta, ile asilimia mbili.

"Dada Eveline," Anord alisema taratibu, "soma ukurasa wa pili. Kosa lipo. Nimeliona kwa macho yangu."

Eveline akamsomea majibu tena, tarakimu kwa tarakimu. Anord akamshukuru kwa kutaka kumtetea, akasema asijisumbue, na kwamba funguo za ofisi amemwachia Rabson.