Salamu ya Mama Drieka

Kwa miezi saba Zoleka alisoma Kiafrikana kana kwamba ataulizwa kaburini. Kila Jumamosi asubuhi alikaa kwenye maktaba ya Khayelitsha na mzee Filander, mwalimu mstaafu, wakipekua kitabu cha watoto wadogo chenye picha ya paka kwenye jalada. Mzee alimwambia asiogope. Kitenzi hakibadiliki, iwe mimi, iwe wewe, iwe wale. Kazi iko kwenye kukataa tu: ukikataa unaweka neno lako la kukataa, kisha sentensi ikiisha unalirudia tena. Zoleka akacheka, akasema sasa ameelewa kwa nini mama mkwe alipomkataa alimkataa kabisa.

Kicheko cha machungu hicho. Mumewe, Granwill, alikufa na lori lake barabara ya Piketberg, na siku ya mazishi mamake, Drieka Beukes wa Calvinia, hakumtupia mjane hata jicho la pembeni. Tangu siku ya kwanza mumewe alipompeleka kumwona, miaka minne, alikuwa hajamkaribisha tena kwake. Zoleka alipokuwa akimuuliza mumewe kulikoni, jibu lilikuwa lile lile: Mama anaona unatudharau, umeolewa kwetu na lugha yetu huijui. Sasa Lithalethu, binti yao, ana miaka mitatu na baba hana. Zoleka alikuwa tayari kumeza kamusi nzima, mradi mtoto asikue bila watu wa babake.

Yeye na mtoto wakafika Calvinia mwezi wa nane, baridi ya kukata masikio. Mama Drieka alifungua mlango wa jikoni mwenyewe. Alisimama kizingitini, akanyanyua kidevu kidogo, akangoja. Zoleka akafanya alichofunzwa na mamake tangu utotoni: akakunja goti, akainamisha kichwa, akageuza uso pembeni. Mtoto naye, nyuma ya sketi, akaiga vile vile. Kisha Zoleka akazitoa sentensi zake zote, moja baada ya nyingine, bila kosa. Alisema amekuja kwa amani, na kwamba mtoto anataka kumjua bibi yake.

Mama Drieka akawapa mgongo, akaenda kugeuza mikate juu ya makaa.

"Umejifunza kusema," alisema. "Vizuri. Nani alikuomba lugha?"

Zoleka akajibu kwamba Granwill ndiye aliyemwambia.

"Siku ya kwanza nilikupa mdomo wangu hapo hapo mlangoni, mbele ya dada zangu na mchungaji. Ukageuza uso. Leo tena umegeuza. Sisi hapa tunabusiana mdomoni, msichana wewe, mzee kwa mtoto, hata na jirani tusiyepatana naye. Asiyebusiwa ni yule asiyetakiwa. Mimi nimekufanya nini?"

Zoleka akavuta kiti, akakaa bila kukaribishwa. Alijaribu kueleza, na hapo masomo yote ya mzee Filander yakamtoka kichwani. Maneno yalimtoka kichwa chini miguu juu, lakini yalieleweka. Kwao Waxhosa mke hamkodolei macho mama mkwe, wala hamsogezei uso. Kufanya hivyo ndiyo matusi.

"Niligeuka kwa heshima, Mama. Nilikuwa nakuogopa."

Mikono ya Mama Drieka ilisimama juu ya makaa. Akauliza polepole kama Granwill alilijua hilo. Alijua, alisema Zoleka, alikuwa akila kwao, akimwona kila siku alivyo mbele ya wazee.

"Mimi nilimwambia usiku ule ule jinsi nilivyoumia. Akasema atakueleza. Baadaye akasema amekueleza, na wewe hutaki."

Mwanamume yule, Mungu amrehemu, alikuwa mtu wa kukwepa ugomvi. Huku anasema hili, kule anasema lile, mradi yeye alale. Mficha maradhi, kilio humuumbua. Kilio chake kilishapita, na ndiyo kwanza anaumbuka, na hapakuwa na wa kumshika shati na kumuuliza. Zoleka alimkasirikia, na bado alimtamani arudi, amgombeze vizuri.

Aliinuka, akaizunguka meza, akambusu mama mkwe mdomoni. Midomo ilikuwa mikavu, ina ladha ya kahawa. Mama Drieka alimshika shingo kwa mikono yenye unga, akalia bila sauti kwa muda mrefu.

"Niletee mjukuu wangu," alisema mwishowe, akajifuta kwa aproni.

Akainama, akatoa mdomo. Lithalethu, mtoto aliyefunzwa adabu, akakunja goti, akainamisha kichwa, akageuza uso.

Zoleka alitaka kumgeuza kwa nguvu. Mama Drieka akamzuia kwa mkono. Akashika ukingo wa meza, akapiga goti moja, kisha la pili, akajishusha mpaka akakaa sakafuni, chini kabisa, pale macho ya mtoto yalipokuwa yakitazama. Akangoja. Mikate ikaanza kuungua, na hakuna aliyeondoka kwenda kuigeuza.