Begi Limerudi Peke Yake

"Uliondoka na mume, umerudi na begi! Sema, kaka yangu yuko wapi?"

Scolastika alikuwa ameshika mkanda mmoja wa begi, Violeth ameshika wa pili, na wote wawili wamesimama kwenye pengo la ua wa minyaa unaotenganisha nyumba zao. Mimi nilikuwa jikoni kwangu nakanda unga wa chapati. Niliuacha hapohapo. Nani angebaki na unga?

"Achia, wifi. Nimeshakwambia yupo."

"Yupo wapi? Simu yake haipatikani leo siku ya sita!"

"Kule kisiwani hakuna mtandao."

"Kisiwani! Mtu na kifua chake kibovu unamburuta kisiwani akaogelee kama mzungu, halafu unarudi peke yako umenenepa!"

Kidogo nicheke, maana ni kweli Violeth alikuwa amenenepa. Siku kumi na tano za sato wabichi zilikuwa zimemjaza mashavu, na ngozi ilikuwa inang'aa kama ya mtu aliyetoka harusini. Macho tu ndiyo hayakufanana na mashavu.

Watu wakajaa. Mwakitolyo hakuna ugomvi wa watu wawili. Mkianza wawili, dakika tano mko thelathini, na wengine wamekuja na viti. Jamaa wa karashani, kwenye mashine ya kusagia mawe ya dhahabu, walikuja na vumbi lao nyuso nyeupe, wamesimama kama wamepakwa chokaa. Donatus, mume wa Scolastika, alikuwa miongoni mwao. Alikuwa anatafuna muwa.

Bibi Nyamizi ndiye aliyeharibu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, ugoro mkononi, akasema taratibu kabisa, "Bhebhe, nyie, mnauliza nini? Nani hapa amewahi kufunga safari kwenda kupumzika? Huyo kamtoa. Ngojeni muone duara atakalofungua."

Duara ni shimo la dhahabu. Na kumtoa mtu, kumfanya kafara ili dhahabu itoke, kila aliyekuwepo alijua maana yake. Niliwaona kina mama wanarudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, kama wameagizwa. Hapa kwetu neno hilo likishatamkwa halirudi mdomoni. Mwaka juzi kuna mjane wa mstari wa pili aliambiwa hivyo siku ya Jumatatu; Ijumaa alikuwa ameng'oa mabati ya nyumba yake, amepakia kwenye toroli, na hatujui alikoishia. Violeth alimsindikiza yule mjane mpaka barabarani. Kwa hiyo alijua.

Sasa mimi Mama Ritha niwaambie, safari ile niliijua tangu ilipokuwa maneno matupu. Mahali ambapo sikuwepo, Violeth alinisimulia mwenyewe.

Pantaleo, mume wake, alifanya kazi karashani miaka ishirini na miwili. Mtu mcheshi, mwenye nguvu, akibeba kiroba cha mawe anaimba. Kikohozi kilianza kidogokidogo, mwisho akawa akitoka chooni kurudi ndani anapumzika mara mbili njiani. Walipokwenda hospitali, daktari alimwita Violeth pembeni. Akamwambia vumbi la mawe lililokwisha kuingia halitoki, dawa yake haipo, kilichobaki ni kutoongeza. Akirudi kwenye vumbi, mvua zijazo asimhesabu.

Pantaleo alikaa nyumbani siku nne. Ya tano akarudi karashani. "Nikae nifanye nini?" alisema. "Nihesabu kuku?"

Hapo ndipo Violeth akakumbuka wazungu wake. Zamani, kabla hajaolewa, alikuwa anauza chai Kagongwa kando ya barabara. Basi liliharibika, wakashuka vijana wawili wa kizungu, mwanamke na mwanaume, kila mmoja na begi mgongoni refu kupita kichwa. Wakakaa kwenye benchi lake kutwa nzima bila haraka. Akawauliza wanafanya kazi gani. Wakasema hawafanyi, wamepumzika. Wanatoka kisiwa hiki wanaenda kile, wanalala panapopatikana, wakichoka wanakaa, wakichoka kukaa wanaondoka. Miezi mitatu! Violeth hakuwahi kuwasahau. "Mama Ritha," aliniambia, "kumbe kupumzika ni kitu ambacho mtu anaweza kukianza asubuhi na kukimaliza jioni, kama kazi."

Hesabu yake ilikuwa hivi: mlevi akikaa wiki mbili bila pombe, mwili unasahau. Pantaleo akikaa wiki mbili mahali pasipo na jiwe wala karasha wala mtu wa kumwambia duara la fulani limezaa, naye atasahau. Halafu wasirudi huku. Wabaki ufukweni, waanike dagaa, kifua kiende hivyohivyo miaka mitano, sita. Hakutaka zaidi ya hapo.

Wakauza mbuzi watatu. Mtaa ulicheka wiki nzima: kuuza mbuzi ili ukalale! Wakanunua begi la mtumba Kahama, la bluu, lenye mikanda ya kufunga kifuani na kiunoni. Siku ya kuondoka Pantaleo alilivaa akatembea nalo hapa uwanjani kama mtalii, watu wakampigia makofi. "Halafu jepesi!" alisema. "Miaka yote nabeba mawe, leo nimebeba shati mbili na mswaki." Scolastika ndiye alicheka kuliko wote. Alimtengenezea kaka yake hata karanga za njiani.

Sasa Scolastika yuleyule alikuwa analia bila kufuta kamasi, na neno la Bibi Nyamizi lilikuwa linatembea nyuma ya umati.

"Violeth," nikamwambia, "sema mama. Sema yote, watu wasikie."

Akanitazama. Nakumbuka alitikisa kichwa, kidogo tu. Nilidhani ni hofu.

Akaanza kusema. Walivuka Ukerewe, wakaenda Ukara, halafu wakawa wanadandia boti za dagaa mpaka visiwa vidogo ambavyo hata majina hakuyashika. Walilala kwenye vibanda vya wavuvi, mahali pengine kwenye turubai. Asubuhi wanakula samaki, mchana wanalala kwenye mawe makubwa yenye kivuli, jioni wanatazama wadudu wa ziwani wakiinuka majini kama moshi. Hawakuwa na saa. Siku ya saba Pantaleo alilala usiku mzima bila kukohoa, na Violeth yeye hakulala, alikuwa anasikiliza asiamini. Siku ya tisa akajifunza kuelea. Mtu mzima wa miaka hamsini analala chali juu ya maji, tumbo nje, anampigia mkewe kelele, "Mama Abel, nione! Sina uzito!"

Watu walicheka. Hata Scolastika alilegeza mkono kwenye begi.

"Siku ya kumi na moja," Violeth akasema.

"Enhe?"

"Tulikuwa tunapanda mgongo wa kisiwa tuone upande wa pili. Akakaa kufunga kiatu. Nikatangulia. Nilipogeuka, nikamwona ameinama. Alikuwa analamba jiwe."

Pale uwanjani hakuna mtu aliyehitaji kuelezwa. Mchimbaji akiona jiwe analolihisi, halioshi, analilamba. Mate yakishaliingia ndipo unaona kama ndani kuna cheche. Ukimwona mtu mzima amelamba jiwe, usimwite akale, hakusikii.

"Nilimwambia, Baba Abel, tulipatana. Akaniambia nataka kuona tu. Kesho yake akaazima nyundo kwa fundi wa boti. Kesho kutwa anatwanga mawe kwenye ganda la chuma, anaosha kwenye sufuria yetu ya chai. Vumbi usoni. Kikohozi kikarudi siku hiyohiyo, kama kilikuwa kinamngoja nyuma ya mlango. Mawe yake nikayabeba kwa kanga nikayatupa ziwani. Alicheka! Akasema, 'Umetupa kokoto, mke wangu. Mwamba uko palepale.'"

"Ukamwacha," Scolastika akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka.

"Kanifukuza, wifi. Kanipandisha boti na mikono yake. Alikuwa anatema damu, anaikanyagia mchanga ili nisiione."

"Uongo mtamu," akasema Bibi Nyamizi. "Ushahidi uko wapi? Ukitoka kumtoa mtu lazima uwe na hadithi nzuri."

Na kina mama wakarudi nyuma hatua nyingine. Mmoja akamvuta mtoto wake aliyekuwa karibu na miguu ya Violeth. Nadhani ni hilo, mtoto kuvutwa, ndilo lililomvunja. Alipiga magoti, akafungua mfuko wa pembeni wa begi, akatoa kitu kilichofungwa kwenye shati la Pantaleo.

Jiwe. Ukubwa wa ngumi, jeupe, na mshipa wa kutu umepita katikati. Lilikuwa limefungwa kwa kipande cha mpira wa baiskeli, fundo mbili, na kona moja imepasuliwa.

Hapo Donatus aliacha kutafuna muwa, akalichukua.

"Hilo fundo la Pantaleo," alisema. Kila mtu karashani ana alama yake ya kufunga mzigo ili mawe yasichanganyike, na mpira wa baiskeli fundo mbili ulikuwa wa Pantaleo peke yake, tangu tumfahamu. Wenzake wakasogea, wakatikisa vichwa. Ndiyo. Wa kwake. Na umefungwa juzijuzi, mpira bado una poda ya dukani.

"Kwa hiyo yu hai," akasema Scolastika, akakaa chini palepale kwenye vumbi.

Neno la Bibi Nyamizi lilikufa hivyo. Niliona kabisa watu wanapumua, nikataka hata kupiga vigelegele. Lakini Violeth hakuwa na uso wa mtu aliyeshinda kesi. Alikuwa ananyoosha mkono. "Nirudishie, shemeji."

Donatus hakurudisha. Alikuwa amelivua mpira, analigeuza juani. Halafu akatoa ulimi.

"Donatus!" mkewe akaita.

Akalamba. Akalitazama muda mrefu, jicho moja limefumbwa. Akampa wa pembeni yake. Naye akalamba. Likazunguka, jiwe lile, mkono kwa mkono, ulimi kwa ulimi, watu wote waliokuja kuamua ugomvi wakasahau kuna ugomvi. Lilifika kwangu. Sitawadanganya, nililamba. Lilikuwa na ladha ya jiwe. Sikuona kitu, lakini sikulirudisha upesi, niliendelea kutazama, pengine mate hayajaingia vizuri. Mpaka Bibi Nyamizi akaninyang'anya na vidole vyake vya ugoro.

"Alisema nini wakati unaondoka?" Donatus akauliza. Sauti yake ilikuwa ya heshima kabisa, kama anaongea na mama mkwe.

Violeth akanyoosha mkono tena, anadai jiwe lake.

"Shemeji, alikutuma nini?"

"Alisema," Violeth akasema akitazama chini, "nikufikishie hilo. Wewe na wenzako. Mje na kamba." Kisha akainua macho. "Niliapa sitasema. Njia nzima kutoka Mwanza nimeapa. Ningelitupa, lakini ndicho kitu cha mwisho alichokifunga kwa mkono wake."

"Boti za kule zinaondoka saa ngapi?" mtu akauliza nyuma.

"Inategemea upepo," mwingine akajibu, na yeye hajawahi kuliona ziwa.

"Donatus, baba, na wewe umeanza kukohoa," Scolastika akasema. "Umeanza tangu Pasaka. Unadhani sisikii?"

"Kule kuna hewa nzuri," alisema Donatus. "Umesikia mwenyewe. Alilala bila kukohoa."

Akainama mbele ya Violeth. "Shemeji, naomba uniazime begi."

Hakungoja jibu. Alilipindua, nguo za Violeth zikamwagika: kanga bado na unyevunyevu, sufuria ya chai iliyokwaruzwa kwa mawe, na mchanga mweupe mwingi kuliko unavyodhani begi linaweza kubeba. Scolastika alishika mkanda, uleule aliokuwa ameushika mwanzo. Akavuta. Donatus naye akavuta, bila hasira, akiwa anatazama pembeni anamwelekeza mwenzake ni nyundo zipi za kuchukua. Walivutana kidogo hivyo. Halafu Scolastika akaachia.

Waliondoka wanaume saba mchana uleule, wawahi basi la Mwanza. Karasha ilizimwa. Niliwaona wanapita kwenye mabanda, begi la bluu mbele, juu limechomoza mpini wa sululu, na Donatus hakufunga mkanda wa kifuani. Bibi Nyamizi alikuwa anawafuata na kigoda chake mkononi, anawaombea baraka za wahenga, na kuulizia fungu lake.

Uwanja ukabaki na maganda ya muwa. Violeth alikuwa bado amepiga magoti, anaokota nguo moja moja, anakung'uta mchanga, anakunja. Alikunja shati la Pantaleo mara tatu, akalikunjua, akalikunja tena.

Scolastika aliinuka. Alipita pengo la minyaa akaingia kwake. Nikasikia mfuniko wa chungu, nikasikia harufu ya nsansa, ile mboga ya majani makavu ya kunde, imeungwa kwa karanga. Akakaa huko kitambo. Kisha akatokea mlangoni, macho mekundu, mwiko mkononi.

"Wifi," alisema. "Acha hizo nguo. Nilipika ugali wa watu wengi. Ingia ndani tule."