Duara la Buluu Tumboni mwa Matroni

Matroni alilazwa chali, miguu juu, akanyolewa tumbo kwa heshima zote kama biharusi anayepambwa. Sally, daktari wa mifugo, akamdunga sindano ndogo chini ya ngozi, kisha akachora duara la buluu pale alipodunga.

"Kesho nitarudi, mama Aregae. Pakivimba ndani ya duara, mbwa ana ile minyoo inayowajaza watu tumbo."

Nawoi, mwenye mbwa, aliitikia kwa kichwa. Matroni hakuwa mbwa wa kubweka tu, alikuwa mwajiriwa. Shemeji yake anayesoma shule ya bweni ndiye aliyempa jina hilo, kwa kuwa kazi yake, kama ya matroni wa bweni, ilikuwa usafi. Mtoto Aregae akijichafua, Matroni hufika bila kuitwa, akamlamba mpaka akatakata. Hapa kandokando ya Kakuma, ambako maji huchimbwa kwenye mchanga wa mto, nani angemfuta kazi mtumishi wa namna hiyo?

"Akivimba wanaua," alinong'ona jirani yake, Atiir. "Huko Lokichar waliua yote."

"Nani alikuambia?"

"Watu."

Watu! Shahidi ambaye hajawahi kuitwa mahakamani, na bado huaminiwa kuliko wote.

Alfajiri Nawoi alipapasa tumbo la Matroni. Ndani ya duara palikuwa na nundu ngumu. Akamfunga nyuma ya kibanda, akaazima mbwa wa Atiir, dada yake Matroni wa uzao mmoja, wanaofanana kama kwato za mbuzi mmoja. Akamnyoa tumbo kwa wembe, akamchora duara kwa kalamu ya shemeji.

Sally alipofika alipapasa, akatabasamu. "Huyu ni mzima."

"Na wale wanavimba, mnaua?"

"Kuua? Tunawapa dawa tu, mama. Hofu yetu ni watoto wanaolambwa, maana mayai ya minyoo huwaingia kwa ulimi wa mbwa. Hao tunawapeleka Lodwar wapigwe picha ya tumbo mapema. Mtoto wako hana haja."

Akaaga, akaelekea kwenye gari.

Nawoi alirudi kibandani. Kamba ilikuwa imetafunwa, na Matroni alikuwa amekwisha kuripoti kazini. Ulimi wake ulipita juu ya mapaja ya Aregae, na mtoto alicheka kwa mtekenyo. Kila siku kicheko hicho kilimpa Nawoi nafasi ya kupumzika. Leo kilimchoma.

Akamnyakua mtoto, akamfuta kwa shuka lake. Matroni akaketi, mkia ukifagia mchanga, akingoja kuambiwa kosa lake.

Nje, gari likanguruma. Nawoi akamfunga Aregae mgongoni, akashika kipande cha kamba kilichobaki shingoni mwa mbwa, akatoka mbio.

"Daktari! Ngoja! Si huyo ulipima!"

Vumbi likammeza. Mbele, taa nyekundu za gari ziliwaka. Pale barabara hushuka korongoni, na kila dereva hukanyaga breki. Nawoi hakungoja kujua kama ni korongo au ni sauti yake. Aliendelea kukimbia, na Matroni, kwa utiifu wake wote, akakimbia naye.