Kasha la Chuma

Kompyuta yao ilizimika tena kwa joto katikati ya mchezo, na Kaka akamalizia hasira zake kwa mdogo wake Kitinda, kama alivyozoea tangu utotoni. Kesho yake asubuhi walikwenda nayo dukani kwa fundi kuibadilishia kasha, Kitinda mdomo umemvimba.

Fundi, mama asiye na maneno mengi, aliwawekea makasha mawili mezani. Kaka akashika la kioo, lililokuja na mtambo wa kupooza kwa maji.

“Hili.”

“Hilo halipumui, kaka. Tuchukue la chuma, lenye matundu mbele, na feni kubwa.”

“Nani kakuuliza?”

Kofi likatua shavuni. Kitinda, mtu mzima wa miaka thelathini, hakuwahi kumrudishia kaka yake hata siku moja. Leo ngumi ilimtoka kabla hajafikiri, ikampasua Kaka pua. Kaka akaangukia kasha la kioo. Kioo kikasambaratika, na ukingo wa bati wa fremu yake ukamchana kiganja. Akainuka na damu zake, akamkaba Kitinda koo hadi macho yakamtoka. Fundi akamkunja Kaka mkono nyuma mpaka bega likalia.

“Mwachie.”

Kaka akaachia, akatoka akitukana, akaelekea hospitali kushonwa.

Kitinda akaliendea kasha la chuma, asijue kama anaogopa au anafurahi.

“Nifungie hilo la chuma,” akasema.

“Na utaishi naye vipi?” fundi akauliza.

“Siishi naye tena. Kompyuta nilinunua mimi. Nahama nayo leo.”