Rafu ya Chini

Katika maktaba ya mji wa Kibaigwa, kitabu kilichokaa miaka mitano bila kugongwa mhuri wa kuazimwa kilihesabiwa kimekufa. Nathanaeli, mkutubi, aliipenda kanuni hiyo, maana alikuwa mtu wa mihuri na kadi. Barua ya wakubwa wa mjini ilipomtaka aondoe vitabu vilivyokufa ili nusu ya ukumbi iwe ofisi, alipitia kadi siku mbili, akajaza namba kwenye orodha, akasaini. Lori lililoleta meza za ofisi likaondoka na vitabu kwenda kusagwa kiwandani.

Jumatano, kama kila Jumatano, Bibi Dorkasi akaingia na fimbo yake nyeupe. Nathanaeli alipomwona tu, akakumbuka.

Majuzuu kumi na moja ya nukta nundu! Bibi huyu, aliyesoma shule ya wasioona Buigiri, aliyatoboa mwenyewe kwa kalamu ya chuma, nukta kwa nukta, miaka saba: habari za wazee wa Kigogo, nyimbo zao, majina ya waliokufa kwa njaa. Nakala nyingine haikuwapo. Vitabu vya namna hiyo haviazimwi, kwa kuwa vikibebwabebwa nukta hulala na kidole hakisomi kitu. Vilisomwa humohumo, na msomaji wa ndani hagongewi mhuri. Kadi za majuzuu hayo zilikuwa nyeupe pe. Naye Nathanaeli, mjinga wa kusomea, alisoma kadi asitazame vitabu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, baba. Leo nataka lile la nne. Kuna jina la shangazi yangu limenitoka kabisa."

Alikwenda moja kwa moja hadi rafu ya chini, akainama. Mikono yake ikapapasa ubao mtupu toka mwanzo hadi mwisho, kisha ikarudia.

"Umevihamishia wapi?"

"Vimechukuliwa, bibi. Vimekwenda kusagwa."

"Nani kaamua?"

Nathanaeli alikuwa na nafasi ya kusema kweli, na ulimi ulikuwa wake mwenyewe.

"Wakubwa wa mjini. Nimekataa mpaka tukagombana."

Bibi Dorkasi akanyoosha mkono hewani mpaka akaupata wa Nathanaeli, akaushika kwa vidole vyenye sugu. Machozi yalikuwa yakimtiririka.

"Pole sana, mwanangu. Najua ulivyovitunza. Usigombane nao tena, wasije wakakufukuza kazi kwa ajili yangu."

"Asante, bibi," Nathanaeli akasema.